Picha Wameiona, Waonyesheni Mkataba

Vikao vya kujadili miradi ya nyumba jijini Nairobi vinafanana, viwe vya Eastlands au vya Ngara. Hema limesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, chifu amekaa mbele, na kando ya meza ya wakubwa kuna bango refu lenye picha ya maghorofa. Kwenye picha hiyo mna miti ambayo bado haijapandwa, watoto wanaendesha baiskeli mahali ambapo leo pana mtaro wa majitaka, na magari yaliyoegeshwa ni machache mno kwa mtaa wa fleti elfu moja na ushee. Mhandisi anataja idadi ya nyumba, mwanakandarasi anaahidi vibarua kwa vijana, kisha kipaza sauti kinakabidhiwa wananchi. Hapo ndipo kikao kinapogeuka, maana hakuna anayeuliza habari za picha. Mimi wa nambari 27 nitakuwa nalala wapi mwezi wa nane? Marehemu mama ndiye aliyeandikishwa nyumba hii, je, jina langu limo kwenye orodha yenu? Hiyo bei nafuu ni nafuu kwa nani? Na haya maji yanayotoka siku mbili kwa wiki, yatatutosha vipi tukishakuwa wengi mara thelathini?

Maafisa wengi huyasikia maswali hayo kama fujo. Utawasikia wakisema watu wamechochewa, wanapinga maendeleo, hawaelewi. Mimi naona wanaelewa kuliko mhandisi. Ukiyachambua maswali yao moja moja, utakuta yote yanarudi kwenye jambo moja: ni kipi kimeandikwa, na nani anafungwa nacho kikivunjwa? Nyumba ya mfanyakazi haitambuliwi kwa ukubwa wa chumba wala rangi ya vigae. Fleti hiyo hiyo ya vyumba viwili inaweza kuwa makao ya mlinzi wa usiku au kitega uchumi cha mtu anayeishi Kileleshwa, na tofauti kati ya hayo mawili imo kwenye masharti ya kugawa, kulipa, kuuza na kurudi. Basi anayeuliza masharti kabla ya tingatinga kuingia ndiye aliyeuliza habari za nyumba yenyewe.

Ugomvi kuhusu makao ya mfanyakazi ni wa zamani kwetu. Julai 1939 vibarua wa Idara ya Ujenzi mjini Mombasa waligoma wakidai posho ya nyumba, na mgomo ukaenea idara kwa idara, kampuni kwa kampuni, hadi bandarini. Serikali ya kikoloni ikaunda tume, ile ya Willan, kuchunguza hali ya wafanyakazi, na suala la makao likawa mbele. Wakati huo mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilichukuliwa kwamba familia iko shamba na huko ndiko inakokula, kwa hiyo mjini mwanamume anahitaji kitanda tu. Vyumba navyo vilijengwa kwa kipimo hicho hicho. Januari 1947 Mombasa iligoma tena, safari hii watu wapatao 15,000, na kutokana na mgomo huo likainuka Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililokuja kuongozwa na Chege Kibachia. Ilichukua hadi 1954 ndipo kamati ya Carpenter ikapendekeza kwamba mshahara umtoshe mtu pamoja na mke na watoto wake, na gharama ya nyumba iwe ndani ya hesabu. Angalia ubishi ulikuwa juu ya nini. Mawe ya matumbawe hayakupungua Mombasa, wala mafundi. Kilichobishaniwa ni mfanyakazi anahesabiwa kuwa nani, na mzigo wa makao yake unabebwa na nani.

Nairobi ilirithi mfumo huo ukiwa umejengwa kwa matofali. Shirika la reli lilikuwa na landi zake, yaani makazi ya wafanyakazi wake, Muthurwa, na jina la Landi Mawe bado linatukumbusha enzi hizo. Nyumba iliandamana na kazi. Kazi ikiisha, unahama. Miongo ikapita, Muthurwa ikaangukia mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, nao kama mfuko mwingine wowote ulitaka ardhi yake izae. Mwaka 2010 wakazi walitakiwa kuondoka na ubomoaji ukaanza wakiwa bado wamo. Kinaya chake hakihitaji kutiwa chumvi: mtaa uliojengwa kuwaweka wafanyakazi wa reli unabomolewa ili kuwalipa wastaafu wa reli. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2013 kwamba namna watu walivyofurushwa ilikiuka haki yao ya makao, ile iliyomo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, ingawa ardhi ilikuwa ya mfuko. Kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya waliokuwa wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ikaenda mbali zaidi: wasio na ardhi wakijenga makao juu ya ardhi ya umma hawapati hati miliki, lakini wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Afisa anayewaambia wapangaji kwamba wao ni wageni tu kwenye ardhi ya kaunti anasema jambo ambalo mahakama imeshalikataa.

Lakini haki ya kutofurushwa ovyo ni kizingiti cha chini mno. Tuangalie yaliyotokea pale ambapo hakuna aliyefurushwa kwa virungu, pale ambapo nia ilikuwa njema na fedha zilikuwepo. Dandora ilianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti zipatazo 6,000 zenye maji na choo, ili watu wa kipato cha chini wajijengee pole pole. Leo Dandora ni maghorofa ya vyumba vya kupanga. Wengi waliogawiwa waliuza au wakawa malandilodi wanaokaa kwingine, na walio maskini kuliko wao ndio wanaolipa kodi. Umoja, uliojengwa kwa msaada wa Marekani katika miaka hiyo hiyo, ulilenga wenye kipato kidogo ukaishia kwa tabaka la kati. Kibera ina kisa chake. Septemba 2009 familia za kijiji chake cha Soweto Mashariki zilihamishiwa fleti 600 za muda kule Lang'ata, kila familia ikipewa chumba na kushiriki jiko na choo na familia nyingine, huku nyumba zao mpya zikijengwa. Nyumba hizo, 822, zilikabidhiwa Julai 2016. Kwa mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza, muda huo ni karibu shule nzima ya msingi. Na kati ya waliopata, kuna waliokodisha vyumba na kurudi kwenye mabati, kwa sababu tofauti ya kodi ilikuwa ndiyo karo na unga wa mwezi.

Watu hupenda kusimulia habari hizi kama ushahidi wa tabia za maskini, kwamba ukimpa nyumba ataiuza. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mtu mwenye kipato kisichotabirika anayekabidhiwa mali ya thamani bila mfumo wa kumsaidia aishikilie atafanya kile ambacho mwenye benki angefanya: ataigeuza fedha. Kosa lilikuwa la waliochora mradi wakaacha ukurasa wa masharti wazi.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa bei nafuu ni maneno yanayoweza kubeba chochote. Chukua karatasi ya mshahara ya mfagiaji wa ofisi jijini. Kima cha chini kwa kibarua wa kawaida mjini kilichowekwa na nyongeza ya mwisho wa 2024 ni shilingi 16,113.75. Kwenye karatasi hiyo kuna mstari wa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, yaani shilingi 242 hivi, na mwajiri anaongeza nyingine kama hizo. Ushuru huu una historia ya misukosuko. Ulijaribiwa 2018 ukazuiwa mahakamani, ukarudi na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaukataa Novemba mwaka huo, kisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 ikaurudisha na kuupanua hadi kwa wasio na mwajiri. Haurejeshwi. Kwa miaka 20 mfagiaji wetu atakuwa ametoa takriban shilingi 58,000, na mwajiri kiasi hicho hicho. Tuseme fleti inauzwa milioni 1, na anapata mkopo kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20, ambayo kwa soko letu ni riba ya upendeleo. Atalipa karibu shilingi 9,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya kawaida kwamba makao yasile zaidi ya asilimia 30 ya mapato, nyumba hiyo inamfaa mtu wa shilingi 30,000. Asilimia 30 ya mshahara wa mfagiaji ni shilingi 4,834, zinazobeba mkopo wa 537,000 tu. Riba ikipanda hadi asilimia 14, mkopo huo unashuka chini ya laki nne. Na hapo hatujagusa amana: asilimia 10 ya milioni ni laki moja, na anayeweza kuweka kando shilingi 2,000 kwa mwezi bila kukosa hata mara moja ataifikia baada ya miezi 50.

Kwa hiyo mfagiaji anachangia nyumba ambayo hesabu yake inamkatalia mlangoni. Anapouliza bei nafuu kwa nani, anauliza swali la kihasibu, na jibu la kihasibu lipo. Sheria inagawa watu kwa mapato: walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii, na kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu. Kundi hilo la pili ni pana kupita kiasi. Aliye juu anapata zaidi ya mara saba ya aliye chini, na wote wanaomba kwenye foleni moja. Hata bahati nasibu ya kugawa fleti ikichezwa kwa haki kabisa, wanaoshinda ni walewale walio na amana tayari na karatasi ya mshahara ya kuonyesha benki. Fundi wa jua kali, mama wa mitumba, bodaboda, yaani Wakenya walio wengi kwenye soko la ajira, hawana karatasi ya kuonyesha. Mradi ukitaka kuitwa wa wafanyakazi, mgawanyo wake uandikwe ndani ya mradi wenyewe: fleti ngapi ni za walio chini ya 20,000, ngapi za walio kati ya 20,000 na 50,000, na nambari za milango zitajwe ili mtu asije akaambiwa baadaye kuwa za kijamii zitajengwa awamu ya tatu. Awamu ya tatu Nairobi ni kama kesho ya fundi cherehani.

Baada ya kugawa kuna swali linalosahaulika: mwenye nyumba wa kwanza akitaka kuondoka, inakuwaje? Sheria ya 2024 haikulala hapo. Mnunuzi haruhusiwi kuuza bila ridhaa ya maandishi ya Bodi inayosimamia nyumba hizo, isipokuwa kwa mtu mwingine anayestahili chini ya sheria hiyo. Ni kifungu kizuri, na wanaoubeza mpango mzima wangefanya haki kukitaja. Hata hivyo, kukagua mnunuzi ni jambo moja na kufunga bei ni jambo jingine. Mwenye kipato cha 25,000 akimuuzia wa 140,000, wote wako ndani ya kundi moja la kisheria, na nyumba imehama tabaka bila kifungu kuvunjwa. Kwa mauzo mawili matatu, mtaa wa wafagiaji na wauguzi wa daraja la chini unaweza kuwa mtaa wa mameneja, kila stakabadhi ikiwa safi.

Mfano wa mji uliolifikiria jambo hili unatoka mbali, Whistler huko British Columbia nchini Kanada. Ni mji wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ambako matajiri wa likizo walipandisha bei hadi wapishi, madereva na walimu wakakosa pa kuishi. Mwaka 1997 ikaundwa mamlaka ya nyumba ya mji, na nyumba zinazosimamiwa nayo zikawekewa masharti yanayoandikwa kwenye hati na kumfuata kila mnunuzi: lazima ufanye kazi mjini hapo, na ukiuza, bei inapanda kwa fomula iliyofungwa na mfumuko wa bei, si kwa kasi ya soko. Sisemi Kayole ni Whistler. Theluji yetu ni vumbi. Ninachotaka kuchukua ni ufundi wa kisheria, kwamba sharti limekaa kwenye hati badala ya kukaa kwenye hotuba ya uzinduzi, na kwamba mnunuzi wa nne analikuta likiwa na nguvu ileile aliyoikuta wa kwanza.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, na si la madalali peke yao. Kwa nini maskini afungiwe bei? Mwenye nyumba Lavington anauza kwa faida na hakuna anayemwuliza. Mtoto wa Eastlands akipata mali kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, tunamwambia thamani ikipanda si yake. Nakiri linauma. Jibu langu ni kwamba nyumba hiyo ilipunguzwa bei kwa ardhi ya umma na kwa shilingi 242 za watu ambao hawakupata kitu. Sehemu hiyo ya thamani si mali ya aliyeshinda bahati nasibu. Arudishiwe alicholipa, aongezewe mfumuko wa bei, alipwe kwa ukarabati aliofanya, na tofauti ibaki kwenye nyumba imsubiri mfanyakazi mwingine. Anayetaka faida ya soko anunue sokoni. Na kwa wale ambao hesabu ya kununua inawakatalia daima, tuache aibu ya kutaja upangaji. Vienna ilianza mwaka 1923 kutoza kodi ya nyumba ambayo fleti na majumba ya kifahari yalibeba sehemu kubwa mno ya mzigo wake, tofauti na asilimia yetu moja na nusu ambayo ni ile ile kwa mfagiaji na kwa bosi wake. Kufikia 1934 ilikuwa imejenga nyumba zaidi ya 60,000 za kupanga. Jiji bado linamiliki zipatazo 220,000. Huko mpangaji wa jiji haonekani kama mtu aliyeshindwa maisha.

Turudi kwa mpangaji wa nambari 27. Mtaa wa zamani wa Pangani hapa Nairobi ulikuwa na nyumba 48 tu, na mradi uliochukua nafasi yake ni wa zaidi ya fleti 1,500. Kabla ya kubomolewa, kila familia ililipwa shilingi 600,000 za kupangia kwingine na kuahidiwa nafasi katika jengo jipya. Kwa viwango vyetu hayo yalikuwa makubaliano mazuri, na yalipatikana kwa sababu wapangaji walikuwa wachache, walijuana kwa majina na walikataa kutoka mpaka waone fedha. Lakini fedha za mkupuo zina udhaifu wake. Zimehesabiwa kwa muda uliokadiriwa, na ujenzi ukichelewa, anayelipa ucheleweshaji ni mpangaji. Mwanakandarasi akipitiliza miezi kumi anatoa maelezo. Mpangaji anatoa kodi. Malipo ya haki yangekuwa ya kila mwezi, yanayoendelea hadi siku mtu anapokabidhiwa funguo, yakitoka kwa yule mwenye uwezo wa kuharakisha kazi.

Ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam inatupa ushahidi wa pande zote mbili. Familia 644 za Magomeni Kota ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kota zikabomolewa, na uwanja ukakaa mtupu miaka kadhaa huku watu wakiwa wametawanyika Manzese, Mbagala na kwingineko. Ujenzi ulianza baada ya agizo la Rais Magufuli mwaka 2016, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo Machi 2022. Ile idadi ya 644 haikupotea. Kwa muda wote huo ilikuwa orodha yenye majina, ikitajwa bungeni na magazetini, na nyumba zikajengwa kuifuata. Orodha ndiyo iliyowarudisha. Ila ubaya wa Magomeni ni kwamba orodha ilikuwepo na tarehe haikuwepo, kwa hiyo watu walingoja neno la rais. Wenye bahati walirudi wenyewe. Kwa wengine, waliorudi ni warithi wao.

Majirani nao, wale wasiobomolewa, wana maswali yao, na ni rahisi kuyapuuza kama wivu. Mengi hayahusu wivu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, na jiji limezoea mgao tangu kabla ya maghorofa haya. Bomba lililolazwa kwa nyumba 48 halijui kwamba sasa linahudumia 1,500. Linachojua ni kwamba anayekaa mwisho wa laini atapata hewa. Swali la jirani linaweza kujibiwa kwa ukurasa mmoja: kipenyo cha bomba jipya la maji, kipenyo cha bomba la majitaka hadi linapoungana na lile kubwa la kwenda Ruai, nani analipia, na sharti kwamba hakuna familia itakayoingia kabla vyote viwili havijapimwa. Kisha kuna lifti. Kwenye picha lifti haikwami. Kwenye jengo, ada ya huduma isipolipwa miezi mitatu lifti inasimama, na mtungi wa lita 20 unaopandishwa ghorofa ya tisa kwa mabega ya kijana unaanza kuwa na bei mbili, ya maji na ya ngazi. Mtu aliyekokotoa uwezo wake hadi shilingi ya mwisho ili alipe mkopo hana nafasi ya ada isiyotajwa. Iwekwe ndani ya hesabu ya bei nafuu tangu mwanzo, na ikiwa inaifanya bei isiwe nafuu tena, ni heri tujue sasa.

Na mama mboga je? Katika mitaa ya zamani, mlango wa nyumba ni duka. Asubuhi meza inatolewa, nyanya zinapangwa nne nne, sukuma wiki inakatwa huku mtoto analala ndani hatua tatu nyuma yake, na mteja akiwa hana kitu anaandikwa kwenye daftari. Mpeleke mwanamke huyo ghorofa ya saba na umempa bafu la vigae, ukamnyang'anya kipato kile kile ambacho benki inataka akionyeshe. Michoro mingi huweka vyumba vya maduka chini ya majengo, lakini vyumba hivyo hunadiwa kwa bei ya soko, na wanaovichukua ni maduka ya dawa, mawakala wa fedha na supamaketi ndogo. Kama orodha ya wanaorudi ina safu ya nyumba, iwe pia na safu ya kibanda. Sijaona mradi unaohesabu meza za mbele ya milango kabla ya kubomoa, na zinahesabika kwa asubuhi moja.

Wapo watakaosema kwamba wapangaji hawa ni wateule tayari. Wamelipa kodi ndogo ya kaunti kwa miongo, wengine wamejenga vyumba vya mabati nyuma wakavikodisha kwa bei ya mtaani, na nyumba imerithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu kana kwamba ni shamba la ukoo. Kwa nini wawe wa kwanza? Hoja hii ina kweli ndani yake na sitaikwepa. Katika mitaa hiyo, anayelipwa fidia mara nyingi ni aliyeandikishwa, huku anayelala chumba cha nyuma, ambaye ndiye hasa mfanyakazi wa kipato kidogo, anaondoka na godoro lake. Ndiyo maana orodha ianze na watu waliomo badala ya majina ya daftari la kodi la kaunti, na ihakikiwe hadharani na majirani, wanaojua vizuri nani anaishi na nani anakuja kukusanya tu. Kanuni ya kaya moja nyumba moja itawauma malandilodi wa uani. Na iwaume.

Pingamizi la mwisho linahusu kasi. Takwimu ambazo serikali imekuwa ikizitumia zinasema nchi inahitaji nyumba mpya 250,000 kwa mwaka na zinazojengwa ni kama 50,000. Tukikaa kubishana kila kipengele, wanasema, watu watazeeka kwenye mabati, na mwekezaji ataondoka na fedha zake. Lakini tazama kilichochelewesha. Ushuru wa nyumba ulikwama mahakamani miezi kadhaa, na hoja zilizoukwamisha zilihusu jinsi sheria ilivyoandikwa na nani ametozwa na nani ameachwa. Muthurwa ilikwama kwa jinsi notisi ilivyotolewa. Mkataba wenye masharti wazi unaweza kuchukua miezi mitatu kujadiliwa, na zuio la mahakama huchukua miaka. Mwekezaji makini naye anauliza maswali yaleyale ya wakazi: nani atanunua, kwa bei gani, na nini kitatokea tukichelewa. Tofauti ni kwamba yeye hujibiwa kwa maandishi, ofisini, akiwa na wakili.

Wakazi nao wajibiwe hivyo hivyo, na haihitaji kitabu. Karatasi moja kwa kila mlango: nambari ya nyumba ya sasa, majina ya wote waliomo, pamoja na wa chumba cha nyuma, meza ya biashara, ipo au haipo, tarehe ya kutoka, kodi ya kila mwezi watakayolipiwa hadi siku ya funguo, na ni nani anayeilipa, nambari ya fleti watakayorudia, bei yake au kodi yake, ada ya huduma ikiwa ndani, bei watakayoruhusiwa kuuzia siku wakiondoka, sahihi ya kaunti, sahihi ya mjenzi, sahihi ya mkaaji. Nakala ya orodha nzima ibandikwe kwenye lango la mtaa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila kuomba miwani ya jirani. Lile bango la miti na baiskeli linaweza kuwekwa pembeni yake.